Amplifaya Isiyo na Kipoza

"Si imeshaimba? Nini tena?"

Milembe akainua kidole kumsubirisha babu yake. Alikuwa ameinamia mita, na namba kwenye mita ilikuwa inapanda polepole, bila haraka, kama mtu anayekuja kudai chake na anajua hutakimbia. Hakuna aliyekuwa anaimba. Maiki ilikuwa imezimwa na spika zilikuwa kimya. Hata hivyo zile transista nne kubwa, zilizokazwa kwenye bati la kupozea, zilizidi kunywa umeme kila alipopepesa macho. Akachomoa waya kabla hazijaungua.

"Babu, imekataa."

"Imekataa nini? Asubuhi nimeimbia humu ndani mpaka popo wakahama!"

"Asubuhi kulikuwa na ubaridi."

"Kwa hiyo hili dude lako linataka blanketi?"

Kule pembeni, juu ya robota la pamba, Mzee Ngassa akacheka mpaka akakohoa. Ngassa alikuwa mganga wa ngoma yao, mtu wa kutengeneza dawa ya kuvuta watazamaji siku ya mashindano, na tangu Milembe aanze kazi hii alikuwa anakuja kila mchana kukaa palepale na kutazama kama mtu anayemkagua fundi anayemnyang'anya riziki.

Walikuwa ndani ya ghala kuukuu la pamba la Ilalambogo. Nje hapakuwa na mtu. Jua la miaka hii lilikuwa limewafundisha watu wa Usukuma kuishi asubuhi na jioni, na mchana wote kujificha chini ya chochote chenye kivuli. Chini ya mabati ya ghala hewa ilikuwa nzito kama uji, na Milembe, mwenye shahada ya uhandisi aliyoipata mwaka huohuo, alikuwa na jasho mpaka kwenye vifundo vya vidole. Wenzake waliohitimu naye walikuwa wanatengeneza Vipoza, vile vidude vya kutuliza sauti za spika, mjini, ndani ya vyumba vyenye baridi. Yeye alikuwa anafukua transista kwenye maiti za redio za zamani na kutukanwa na wazee wawili.

"Sikiliza, babu," akasema, akijitahidi kuwa mpole. "Hizi kubwa nne ndizo zinazobeba sauti. Hata kama huimbi, lazima zipitishe umeme kidogo, ziwe macho. Zikilala kabisa, ukiimba kwa sauti ya chini maneno yanavunjika. Sasa, tatizo lake ni hili: zikipata joto, zinapitisha umeme zaidi. Umeme ukizidi, joto linazidi. Joto likizidi..."

"Kwa hiyo kadiri anavyochoka ndivyo anavyokimbia?"

"Ndiyo."

"Huyo ng'ombe ana wazimu. Mchinje."

"Hachinjwi, babu. Anawekewa mchungaji." Milembe akanyanyua kwa koleo transista ndogo, isiyozidi ukucha wa kidole gumba. "Huyu hapa. Kazi yake ni kusikia joto la wale wakubwa na kuwapunguzia umeme kabla hawajapagawa. Huyu ndiye anayewashika wote. Bila yeye hakuna ngoma."

Mzee Ngassa akaacha kucheka. Akaitazama ile transista ndogo kwa makini.

"Na mbona hakuwashika?" akauliza.

 Milembe akaitazama kazi yake mwenyewe. Ile ndogo alikuwa ameichomelea katikati ya ubao wa nyaya, mahali pazuri palipomrahisishia kazi, mbali na bati la kupozea umbali wa kiganja kizima. Ubao ulikuwa baridi. Mchungaji alikuwa amekaa kivulini huku ng'ombe wanaungua juani.

"Kwa sababu mimi ni mjinga," akasema.

"Hilo tungekwambia bure," babu akasema. "Mjukuu wangu, bibi mdogo, mchumba wangu mwenye digrii. Ngoma ni keshokutwa."

Babu yake, Luhende, alikuwa manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma ya Wagika. Zamani, walisema watu, Wagalu, wapinzani wao, wakisikia Luhende amesimama upande wa pili wa uwanja walianza kukunja vitu vyao. Sheria ya mashindano ilikuwa ileile ya mababu: ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Siku hizi aliyehesabu alikuwa kipanga, mashine ndogo iliyozunguka angani, na kila upande ulizungushiwa kamba ya katani ili vichwa visichanganyike.

Ila siku hizi hapakuwa na mashindano ya kweli. Ulikuwa mchezo wa watu kusimama tu. Kila spika iliyouzwa nchini ilikuwa na Kipoza ndani yake, na kila mtu alivaa bangili. Bangili zilipeleka mapigo ya moyo ya watu kwenye Kipoza, na Kipoza kikiona damu za watu zinachemka, kinalainisha sauti mpaka watulie. Amplifaya ya Milembe haikuwa nacho.

"Hebu niletee ile takataka yao," babu akasema.

"Babu, acha."

"Ilete!"

Akaichukua mwenyewe ile spika ya kawaida yenye maiki yake iliyokuwa kwenye rafu, akaisogeza mdomoni, akaimba ubeti wa geti:

*Mwulizeni mwenye ufunguo, alikwenda nao wapi,*
*kina mama wanagonga, naye yuko kwenye chai...*

Mstari wa kwanza ulitoka vizuri. Kwenye wa pili bangili ya babu ikageuka kutoka kijani kuwa njano, kisha nyekundu, na spika ikaanza kumung'unya. Maneno yalimomonyoka kama sabuni ndani ya maji. Kilichobaki kilikuwa mlio mtamu usio na kitu ndani yake. Babu alikuwa anaimba kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imesimama, na spika inambembeleza kama mtoto mchanga.

"Umeona?" akafoka, akiitupa juu ya pamba. "Hasira ya mzee mmoja tu! Mmoja! Na hapa hata Wagalu hawapo!"

Milembe aliona. Alikuwa ameona mara nyingi, na kila mara alichoka upya. Wimbo wa geti ulihusu siku ambayo watu walikanyagana kwenye uwanja wa zamani. Serikali ya wilaya ilisema ngoma iliwapandisha watu wazimu, ndipo Vipoza vikaletwa. Babu alisema geti la kutokea lilikuwa limefungwa, na mwenye ufunguo hakuonekana. Bibi Holo, mke wa Luhende, alikuwa miongoni mwa waliokutwa chini ya lile geti. Babu alikuwa ametunga wimbo wenye majina yao wote, na tangu autunge hakuna aliyewahi kuusikia mpaka mwisho. Kipoza hakikujua uongo wala ukweli. Kilijua mapigo ya moyo tu.

Hapo ndipo palipomkera Milembe zaidi, kwa sababu hakuweza kukichukia kabisa. Chuoni alikuwa amekipenda. Aliwahi kusimama mbele ya darasa na kusema, kwa sauti ya kutetemeka, kwamba hatimaye kuna mashine inayomjali mtu wa mbele kabisa kwenye umati, yule anayebanwa.

"Babu," akasema, akianza kung'oa ile transista ndogo kutoka kwenye ubao. "Ukiimba vile, na watu wakapandwa na hasira, wakasukumana tena?"

"Geti lilikuwa limefungwa."

"Najua."

"Hujui. Umesikia. Kujua ni kitu kingine."

"Basi nimesikia! Na keshokutwa nikisikia mtoto wa mtu amekanyagwa, nimwambie mama yake nini? Kwamba amplifaya yangu ilikuwa safi?"

 Mzee Luhende aliongea na mlango.

"Mwambie babu yako alikuwa mkaidi. Lakini usiniwekee kitu cha kunifunga mdomo. Ukikiweka, nitajua."

Milembe akaipaka transista ndogo krimu nyeupe mgongoni, akaiunganisha kwa nyaya ndefu, akaikaza kwa skrubu juu ya bati la kupozea, katikati ya zile kubwa nne. Kisha akaitoa amplifaya nje, kwenye kizingiti, jua likaichoma. Namba kwenye mita ikapanda kidogo, ikasita, ikarudi, ikatulia. Akaingoja. Ikabaki hapohapo.

Alitaka kufurahi, lakini wazee wawili walikuwa tayari wanabishana kuhusu rangi ya sanduku.

*

Siku ya ngoma, jua lilipoanza kulegea, watu walimiminika. Habari zilikuwa zimeshavuja, kama habari zote za Ilalambogo, kwamba Luhende ana kitu. Hakuna aliyejua kitu gani, kwa hiyo wote walikuja kuona. Kamba ya Wagika ilijaa mapema, huku mgongoni mwao ukuta mrefu wa ghala. Upande wa Wagalu spika zao zilikuwa zinabembeleza watu wachache walioshika viuno.

Milembe alikuwa amekwenda kutandaza waya wa spika. Aliporudi alimkuta Mzee Ngassa amekaa juu ya sanduku la amplifaya kama kuku anayeatamia.

"Mwadila, baba," Milembe akamwamkia. "Ondoka, inahitaji hewa."

"Mganga wa Wagalu kapita hapa mara mbili. Ana jicho baya yule. Nimelilinda."

"Asante. Ondoka."

Ngoma ikaanza. Luhende akashika maiki, na sauti yake ikatoka ikiwa nzima, nzito, yenye mikwaruzo yake yote. Umati ulisita. Watu walitazamana. Walikuwa wamesahau kwamba sauti ya mtu ina meno. Kisha wakapiga yowe, na kutoka upande wa Wagalu watu wakaanza kuruka kamba kuja kwao. Juu angani kipanga kilitaja hesabu, na kila kilipoitaja wachezaji walirusha hewani majembe yao ya kuchezea ngoma.

Milembe hakuyaona hayo yote. Alikuwa anaitazama mita. Namba ilikuwa inapanda.

"Haiwezekani," akasema.

Ikapanda tena. Akagusa bati la kupozea, akaondoa mkono upesi. Lilikuwa la moto kama sufuria. Mchungaji alipaswa kuwa amelisikia joto hilo zamani. Akafungua kifuniko.

Transista ndogo haikuwa imekaa mahali pake. Ilikuwa imeinuka, imeegemea upande, na chini yake, kati yake na bati, palikuwa na donge jeusi, nene, lenye kunuka mafuta na majivu na mzizi uliosagwa.

"Mzee Ngassa!"

"Naam."

"Hii nini?"

"Samba," akasema Ngassa, bila aibu hata chembe. "Dawa ya kuvuta watu. Si ulisema huyu mdogo ndiye anayewashika wote? Nikampa yeye. Na unaona watu walivyojaa!"

"Umemziba! Hasikii kitu! Anadhani kuna baridi!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Dawa yangu imefanya kazi. Ya kwako ndiyo imeharibika."

Milembe alitamani kulia, na kucheka, na kumpiga mzee wa watu kwa koleo.  Akalikwangua donge kwa ncha ya khanga. Akatafuta skrubu. Ilikuwa imeanguka vumbini, na wachezaji walikuwa wanapiga miguu palepale. Namba ilikuwa inakimbia sasa. Akaweka kidole gumba juu ya ile transista ndogo na kuikandamiza kwenye bati.

Maumivu yalimpanda mpaka bega. Akaendelea kukandamiza. Polepole, kwa kunung'unika, namba ikaacha kupanda. Ikaanza kushuka. Sauti ya babu, iliyokuwa imeanza kukoroma, ikasafika.

Na babu akaingia kwenye ubeti wa geti.

*Mwulizeni mwenye ufunguo, alikwenda nao wapi...*

Milembe alisikia umati ukibadilika kabla hajauona. Kelele za furaha zilikatika. Bangili, moja baada ya nyingine, zilikuwa zinawaka nyekundu, mpaka uwanja ukawa kama shamba lililoshika moto. Babu alianza kuita majina. Jina moja, kimya kifupi, jina jingine. Kila jina lilipokewa na kilio kutoka sehemu fulani ya umati, na waliokuwa nyuma wakaanza kusukuma mbele, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jina alilokuwa analisubiri.

Mbele, wanawake walikuwa wamebanwa kwenye kamba. Kamba ilikuwa imewakata vifuani. Mmoja alikuwa amenyanyua mtoto juu ya kichwa.

"Zima!" Afisa wa Utulivu, kijana mmoja aitwaye Tungaraza, alikuwa anakuja mbio akitimua vumbi. "Dada, zima hiyo kitu! Watauana!"

Mkono wa kulia wa Milembe ulikuwa unaungua juu ya bati. Wa kushoto ulikuwa kwenye swichi. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Alimwona yule mwanamke na mtoto wake, akamwona yule mtu wa mbele aliyewahi kumtetea darasani, na akajua kwamba kila alichokisema siku ile kilikuwa kweli. Akatazama nyuma ya umati. Wale wa nyuma hawakuwa wamepagawa. Walikuwa wanasukuma ili wasikie. Akizima sasa, katikati ya majina, watasukuma zaidi. Au hawatasukuma. Hakuwa na hakika, na hakukuwa na mita ya kumwambia.

Nyuma yao kulikuwa na ukuta. Mbele yao kulikuwa na kamba. Geti lilikuwa limefungwa, babu alisema. Alisema kila siku, kila siku, mpaka masikio yakachoka kusikia.

"Mzee Ngassa! Una kisu cha mizizi?"

"Ninacho."

"Kata kamba."

"Kamba gani?"

"Hiyo! Yote! Kata!"

Ngassa akamtazama kama aliyeambiwa achinje mama yake. "Kamba ikikatwa watu watachanganyika na Wagalu. Hesabu itakufa. Tunaongoza, mwanangu! Tunaongoza kwa mbali!"

"Baba, nakuomba! Kuna watu wanakufa hapo mbele!"

Mzee Ngassa akatukana kwa Kisukuma, tusi refu lililopita vizazi vitatu. Kisha akatoa kisu na kukimbia, jinsi mzee anavyoweza kukimbia, akakata kamba kwenye nguzo ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

Umati ukamwagika. Yule mwanamke akapiga magoti kwenye nafasi iliyo wazi, mtoto kifuani, akipumua. Watu walitapakaa uwanja mzima, wakaingia katikati ya Wagalu, na Wagalu wakaacha kucheza wakasimama. Kila aliyepata nafasi alisimama palepale alipo, kwa sababu sasa hapakuwa na haja ya kusukuma. Sauti iliwafikia wote. Angani kipanga kilizunguka, kikasita, kikatangaza kwa sauti kavu kwamba hesabu imebatilika.

Luhende aliona kila kitu. Macho yake yalimtoka kwa ghadhabu. Lakini hakuacha kuimba. Aliita majina yaliyobaki, na la mwisho, akaliita kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake asubuhi: Holo, binti Mabula. Halikuvunjika.

*

"Ulikata kamba!"

"Ndiyo, babu."

"Tukiwa tunaongoza!"

"Ndiyo, babu."

"Tangu nizaliwe sijaona! Wagalu walikuwa wamekwisha! Manju wao alikuwa anatafuta viatu vyake aende nyumbani! Na nani ananikata miguu? Damu yangu! Niliyemlipia shule!"

Walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa ghala. Amplifaya ilikuwa mbele yao, imezimwa, na kidole gumba cha Milembe kilikuwa ndani ya kikombe cha maji. Watu walikuwa wanaondoka kwa makundi, wakiongea kwa sauti za chini. Wengi walipita kumpa babu mkono. Kila aliyempa mkono, babu alishukuru kwa adabu, akaugeuza uso na kuendelea kufoka palepale alipoachia.

Afisa Tungaraza akaja akachuchumaa mbele yao. Shati lake lilikuwa limelowa. Bangili yake ilikuwa bado njano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kutufunga?"

"Mashine lazima niichukue. Na dada yangu atakwenda barazani kujieleza." Akamgeukia Milembe, akashusha sauti. "Lakini sikiliza. Nimezunguka uwanja mzima. Hakuna aliyeumia isipokuwa wewe. Wakubwa wataniuliza kwa nini. Wewe sema hapa, kwenye bangili yangu, inarekodi, kwamba ulipoona hatari ulizima sauti, ndipo watu wakatulia. Basi. Utapewa onyo tu. Pengine hata mashine utarudishiwa, ukikubali kuiwekea Kipoza."

Milembe akamtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama yeye, na alikuwa anamtafutia njia.

"Sikuzima," akasema.

"Najua hukuzima. Nilikuwepo. Nakuambia useme tu."

"Na wewe ulikuwepo. Sasa mwaka kesho mtu akiuliza, ataambiwa watu walitulia kwa sababu sauti ilizimwa."

"Dada, ni maneno tu."

"Hata siku ile ya geti yalikuwa maneno tu."

 Milembe akatoa kidole kwenye kikombe, kimevimba, cheupe kwenye ncha, akaishika bangili ya afisa kwa mkono ule mwingine na kuisogeza karibu na mdomo wake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio. Aliogopa, na alikasirika kwamba anaogopa, na alijua kesho mama yake atalia.

"Naitwa Milembe, mjukuu wa Luhende," akasema. "Amplifaya ni yangu. Sauti ilikuwa juu tangu mwanzo mpaka jina la mwisho. Watu walibanwa kwa sababu ya kamba. Tulikata kamba, wakapata nafasi, na hakufa mtu."

Tungaraza akashusha pumzi ndefu. Akaiacha bangili iendelee kurekodi kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya kubadili mawazo. Milembe akarudisha kidole kwenye kikombe.

Babu akainama, akaushika mkono wa afisa bila kuomba ruhusa, akauvuta kwake.

"Na iingie humo pia," akasema, "kwamba tulikuwa tunawashinda Wagalu."